Kitanda Chini ya Njia

Niliziba ufa. Asiniambie mtu kwamba sikuziba.
Mwaka wa kwanza kwa saruji ya kopo na kijiko cha supu,
nimepiga magoti juu ya gazeti
kati ya mlango wa kibanda na mti wa cheri.
Mwaka wa pili kwa lami aliyoniachia fundi wa paa.
Mwaka wa tatu nilimimina mchanga mtupu,
kama mtu anayemnyamazisha mtoto kwa peremende.
Kila Januari maji yaliingia mle, yakaganda,
yakatanuka, yakasukuma;
kila Machi nilikuta ufa umepiga hatua nyingine kuelekea getini.

Sasa vipande vinacheza. Ukikanyaga hiki, kile kinaitika.
Jirani yangu Halszka alijikwaa na ndoo ya matango,
akateguka kifundo cha mkono,
na kamati ya bustani ikaniandikia barua yenye mihuri miwili.

Jumamosi akaja mkwe wangu Ireneusz na nyundo ya kilo nane.
Akachungulia ufani kama daktari wa meno.
"Mama, hii haizibiki. Chini hakuna kokoto."
"Zipo," nikasema. "Zenon alizimwaga mwenyewe,
kiangazi cha mwaka sabini na saba.
Sentimita kumi. Aliniapia."

Pigo la kwanza lilidunda.
La nne likaingia.

Hakukuwa na kokoto.
Kulikuwa na udongo mweusi, chupa za siki, kisigino cha kiatu,
mizizi ya cheri minene kama kiwiko;
na kwenye kipande cha sita, ndani kabisa ya zege,
springi, safu kwa safu,
zimelala kama zilivyolala zamani chini ya migongo yetu.

Kitanda chetu.
Kile cha harusi, kilicholia usiku
mpaka mama yake akagonga ukuta.
Aliniambia amekiuza mnadani Skaryszew, kwa mtu wa farasi.
Akaniwekea noti mezani, nami nikanunua koti la kijivu
nililolivaa majira kumi na moja ya baridi.

Basi fedha zile zilitoka wapi?
Ireneusz ameegemea mpini, ananitazama, hasemi.
Nahesabu kwa vidole vyenye vumbi:
mwaka ule ule saa ya baba yake iliacha kulia mfukoni mwake.
"Imeharibika," alisema. "Fundi anaitazama."
Fundi aliitazama miaka thelathini na minne,
mpaka tukamzika Zenon bila saa.

Nikacheka hata Halszka, mkono shingoni,
akatokeza kichwa juu ya ua.
Mwanamume alikosa nondo, akazipata kitandani.
Alikosa kokoto, akadanganya.
Koti la mkewe hakulikosa.

Tumechimba upya.
Kokoto safari hii nimezipima mwenyewe kwa rula ya shule.
Tumeshindilia. Mbao pembeni, uzi,
pimamaji yenye kiputo kisichotulia.
Saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu,
maji kidogo kuliko alivyotaka Ireneusz.
Njia imepinda penye cheri; mzizi sikuruhusu uguswe.
Na kila mita moja na nusu tumeacha mwanya,
kwani zege itapasuka tu, anasema,
afadhali tuichagulie pa kupasukia.

Siku saba nimeilaza chini ya magunia, nikiinywesha asubuhi na jioni.
Halszka anapita kwa nyuma, kwenye nyavu za jirani, akilaani.

Springi Ireneusz alishazipakia kwenye toroli,
ziende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.
Nikamwambia ashushe.
Zimesimama sasa ubavuni mwa kibanda,
na maharage yameshaanza kuzipanda, duara kwa duara.
Upepo ukivuma zinalia.
Nami, mwanamke wa miaka sabini na minane,
najikuta nimenyamaza,
nikisubiri mtu agonge ukuta.